Kazi ya Loveness, Jina la Hezekia

Mke wa mwanangu anaitwa Loveness. Alikuja kwangu hapa Kwai akiwa na mtoto wa miezi mitano mgongoni na kompyuta kwenye mkoba wa kitenge, na siku ile alivyoshuka kwenye gari alishika mkoba kwa uangalifu uleule aliomshikia mtoto. Nililiona hilo. Mwanangu Hezekia alikuwa amepata kazi Dar es Salaam, kwenye kampuni ya vifaa vya kupimia ubaridi wa maziwa. Chumba walichopanga huko kilikuwa na joto, mtoto akawa anatoka vipele mwili mzima, wakakubaliana mama na mtoto wapande milimani kwa muda. Muda wenyewe umeingia mwaka wa pili.

Nimesoma hadi darasa la saba, na sikuwahi kudhani nitaandika habari za mtu. Lakini yaliyompata Loveness niliyaona kwa macho yangu, na mengine yalipitia mkononi mwangu, kwa hiyo sioni nani mwingine wa kuyaandika.

Kwao ni Zirai, upande wa Muheza. Baba yake, mzee Stephano, analima iliki. Loveness na Hezekia walisomea kompyuta chuo kimoja, na kabla ya kumwoa, Hezekia aliniambia kwamba huyo msichana ndiye aliyekuwa akimwelekeza masomo yaliyomshinda. Wakati ule alilisema kwa majivuno, kama mtu anayesifia ng'ombe aliyemchagua mwenyewe mnadani.

Miezi ya kwanza nilimchunguza sana. Mama yeyote angefanya hivyo. Nilitaka kuona kama atatudharau. Hakutudharau. Aliamka, akanipa shikamoo, akakata majani ya ng'ombe, akakamua, akapika. Mtoto, tuliyempa jina la Alen, akilala mchana, ndipo alipovuta kigoda hadi dirishani na kufungua kompyuta yake. Sikuelewa anafanya nini humo. Nilichokiona ni kwamba saa hiyo moja uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

Hapa kwetu wengi tuna ng'ombe mmoja au wawili. Asubuhi tunapeleka maziwa kituoni, yanapimwa, yanamiminwa kwenye tangi kubwa la kupozea. Kampuni ya Hezekia ilikuwa imefunga kisanduku kidogo cha kijivu kwenye tangi hilo. Kazi yake ilikuwa kupima ubaridi, na maziwa yakianza kupata joto, kipige kengele na kumtumia ujumbe mwenyekiti wetu, mzee Silvano, ili tuwashe jenereta. Siku za kawaida kisanduku kilifanya kazi vizuri. Tatizo lilikuwa siku umeme unapokatika. Maziwa yakipata joto, kisanduku kiliganda. Kiliendelea kuonyesha nyuzi nne huku tangi likichacha. Masika ile tulimwaga maziwa mtaroni mara tatu.

Watu walijua kisanduku kimeletwa na mwanangu. Kanisani akina mama walinisalimia kwa ufupi. Mzee Silvano, ambaye hawezi kukasirika bila kuchanganya na mzaha, alinisimamisha mbele ya watu akasema, "Mama Hezekia, mwanao katuletea mlinzi anayezimia akimwona mwizi." Watu wakacheka. Nikacheka nao, nikarudi nyumbani sina hamu ya kula.

Loveness alizisikia habari hizo. Kesho yake alikwenda kituoni, akaongea na mzee Silvano, akarudi na kisanduku cha akiba kwenye ndoo.

Siku zilizofuata sebule yangu haikuwa yangu. Kisanduku kilikuwa mezani kimefunguliwa, nyaya zimetoka kama utumbo wa kuku, kipimo chake kimetumbukizwa kwenye kikombe cha maji baridi. Kisha ananiomba maji ya moto. Mimi ndiye niliyekuwa nachemsha. Anayamimina kidogo kidogo kwenye kikombe, na joto likifika mahali fulani, kisanduku kinaganda. Anafurahi. Anaandika kwenye daftari, anazima, anawasha, ananiomba maji mengine. Nilianza kuwa na wasiwasi na akili zake, maana sijaona mtu anayefurahi kitu kinapokataa kufanya kazi. Akaniambia, "Mama, kikikataa kila mara mahali palepale, kimeshaanza kuniambia ukweli."

Nikamwambia aniambie na mimi huo ukweli, kwa kuwa mkaa ni wangu.

Alinieleza hivi. Ndani ya kila kompyuta, hata ndogo kama ile, kuna programu moja inayozisimamia nyingine zote. Wanaiita kiini cha mfumo endeshi. Hiyo hawakuiandika watu wa kampuni ya Hezekia. Imeandikwa na watu wa dunia nzima kwa miaka mingi, ipo wazi, yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha. Ndani ya kiini kuna vitu ambavyo mikono miwili haitakiwi kuvigusa kwa wakati mmoja, kwa hiyo vinawekewa kufuli. Anayetaka kugusa anachukua kufuli, akimaliza analiachia, na mwingine anachukua.

"Sasa hiki kisanduku," akasema, "kinafanya kama mtu aliyeingia chooni akafunga komeo, halafu akasimama humohumo ndani anabisha mlango, anamsubiri aliye ndani atoke."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamuuliza ni mjinga gani aliyeandika kitu cha namna hiyo.

Akasema si mjinga. Ni watu wawili walioandika kwa nyakati tofauti. Wa kwanza aliandika kazi ya kusoma ubaridi, na kazi hiyo inachukua kufuli, inasoma, inaachia. Haina kosa. Miaka baadaye wa pili akaandika kazi ya kengele. Hiyo nayo inachukua kufuli lilelile, kisha inaiita ile kazi ya kwanza iisomee ubaridi. Kazi ya kwanza inafika, inakuta kufuli limeshikwa, inasubiri. Anayelishika ni yuleyule aliyeiita, naye hawezi kuliachia mpaka ajibiwe. Basi wanasubiriana hivyo milele, na kila kitu kinasimama. Na kwa kuwa hilo linatokea kwenye njia ya kengele peke yake, kisanduku kilikuwa kizima siku zote isipokuwa siku tuliyokihitaji.

Kulithibitisha ilimchukua siku nne nyingine. Ndani ya kiini kuna mlinzi maalumu anayeandika kila kufuli linalochukuliwa na nani kalichukua. Kwa kawaida mlinzi huyo huzimwa kwa sababu anachelewesha kazi. Loveness alimwasha. Tukamimina maji ya moto, na kabla ya kuganda kisanduku kikatoa mistari mingi ya maandishi. Aliniita akaniwekea kidole: hapa kufuli limechukuliwa, hapa linaombwa tena. Kiingereza sikijui, ila namba nazisoma. Ilikuwa namba ileile mara mbili.

Dawa yake haikuzidi mistari ishirini. Aliigawa kazi ya kusoma mara mbili. Moja ni ya wanaotoka nje, inachukua kufuli yenyewe. Nyingine ni ya wale ambao tayari wanalishika, haiombi kufuli, ila inahakikisha kwanza kwamba kweli wanalo, na kama hawana inapiga kelele. Nikamuuliza kama ndiyo yote, siku kumi na moja kwa mistari ishirini. Akasema mistari kumi na tisa, mmoja ni nafasi tupu.

Tulijaribu kwa birika langu. Maji yalipofika joto lile, kisanduku kililia sauti kali hata Alen akaamka na kuanza kulia naye. Loveness alimbeba akacheza naye katikati ya sebule. Kisanduku hicho kikafungwa kwenye tangi, na juma lililofuata umeme ulikatika, kengele ikalia kituoni, mzee Silvano akakimbia na kandambili moja, jenereta likawashwa, maziwa yakapona.

Siku hiyo ndipo Loveness aliponiambia jambo alilokuwa akilificha. Kuna mpango wa nje unaochukua watu wa kufanya kazi kwenye hicho kiini, mtu anafanyia nyumbani kwake popote alipo. Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi wa sita. Sharti ni uonyeshe rekebisho moja lililopokelewa ndani ya kiini likiwa na jina lako chini yake. Huko kila rekebisho linaandikwa nani kaliandika, nani kagundua kosa na nani kajaribu. Na sasa alikuwa nalo. Angeweza kufanya kazi pale dirishani, mtoto yuko karibu. Tangu aje kwangu sikuwahi kumsikia akitaka kitu, hata sabuni. Hiki alikitaka waziwazi.

Nikamuuliza hilo rekebisho linapelekwaje. Akasema unawaandikia watunzaji wa sehemu hiyo ya kiini, kwenye barua inayosomwa na kila mtu, unawaeleza kosa na dawa yake. Nikauliza ni watu wa umri gani. Akasema mtunzaji mkuu ana mvi, yuko nchi za baridi, na ile kazi ya kengele aliipitisha yeye.

Hapo niliingiwa na hofu. Nilimwona huyu binti, mke wa mtu, ananyanyuka kutoka Kwai na kumwambia mzee asiyemjua, mbele ya watu, kwamba kazi yake ina kosa. Kwetu hatufanyi hivyo. Ukiwa na neno kwa wakubwa, unamtafuta mtu anayefahamika, anatangulia, anakufungulia njia, halafu wewe unaitwa. Hata posa yake ilikwenda hivyo. Nikamwambia, "Mwanangu, usiende mwenyewe. Mpitishie mumeo. Yeye yuko kwenye kampuni, watamsikiliza, atakutambulisha."

Akasema, "Kule hakuna mkubwa wala mdogo, mama. Wanaangalia kazi."

Nikamwambia hakuna mahali pasipo na mkubwa.

Alimtazama mtoto kwa muda, kisha akasema, "Sawa, mama." Siku hiyohiyo akamtumia Hezekia kila kitu, mistari, maelezo, na jina lake limeandikwa chini inavyotakiwa.

Hezekia alisema amepeleka. Tukimuuliza, alisema wazee wanachukua muda, tutulie. Nilimuuliza Loveness kama hawezi kuangalia mwenyewe, kwa kuwa barua hizo ziko wazi. Akasema anaweza, ila kumfuatilia mumewe ni sawa na kumpekua mifuko.

Kisha jioni moja Hezekia akapiga simu, na baada ya salamu akamuuliza mkewe swali. Kwa nini hakutumia kufuli la aina inayomruhusu mwenye nalo aingie mara ya pili? Lingemaliza tatizo bila kugawa kazi. Mimi nilikuwa namenya viazi, simu ilikuwa imewekwa kwenye spika. Loveness alijibu kwa furaha. Alisema kiini hakiruhusu kufuli la namna hiyo, na ni kwa makusudi. Anayeshika kufuli huenda yuko katikati ya kubadilisha vitu, nusu vipya na nusu vya zamani. Ukimruhusu aingie tena, atasoma vitu nusunusu adhani vimekamilika. "Afadhali isimame tuone," akasema, "kuliko iendelee kutudanganya."

"Rudia polepole," Hezekia akasema. Akarudia, na nikasikia upande wa pili mtu anagonga herufi. Mimi nilifurahi. Niliona mume na mke wanazungumza kazi yao, nikamshukuru Mungu.

Lakini swali lile lilimkaa Loveness. Kama wazee wana swali, kwa nini halikuja kwake? Siku ya tatu akafungua hizo barua. Nilikuwa mlangoni nikimwangalia, na nikaona mgongo wake unanyooka taratibu.

"Mama, njoo usome."

Nilisoma majina polepole, na Kiingereza cha kando yake akanielezea. Aliyeandika: Hezekia Shekalaghe. Aliyegundua kosa: Hezekia Shekalaghe. Aliyejaribu: Hezekia Shekalaghe. Chini yake lilikuwapo swali la mtunzaji mkuu, na jibu, maneno yote ya Loveness yamegeuzwa Kiingereza. Alinitafsiria mwenyewe, neno kwa neno, bila kupandisha sauti. Hata birika langu lilikuwamo. Hezekia aliandika kwamba alipasha maji kidogo kidogo hadi kifaa kikaganda.

Loveness hakulia. Alifunga kompyuta, akachukua panga na kamba, akaenda kukata majani. Alirudi na mzigo ambao sijui aliubebaje peke yake.

Nilimpigia Hezekia nikamwambia aje. Alifika Jumamosi na mkate na sukari, akanipa shikamoo, akamrusha mtoto juu. Nilimwacha anywe chai, kisha nikamwambia mkewe ana neno naye, na mimi nitakaa.

Loveness alimuuliza kwa nini. Hezekia akaanza mbali. Kampuni ilitaka barua itoke kwenye anwani ya kampuni. Meneja alikuwa na haraka. Lile jambo limempandisha cheo, sasa ni mkuu wa kitengo, na cheo hicho si cha kwake peke yake, ni cha familia. Mwisho akasema, "Mimi na wewe si mwili mmoja? Jina langu si jina lako?"

"Basi ungeandika langu," Loveness akasema. "Si jina lako?"

Hezekia alinigeukia mimi. "Mama, mwambie."

Alikuwa na hakika nami. Tangu baba yake afariki nimekuwa upande wake kwa kila kitu, na alipokuwa mdogo niliwahi kumwapia mwalimu kwamba hakuvunja dirisha alilolivunja. Nilimwaza akifukuzwa kazi. Niliwaza ndoa, na mtoto, na watu wa Kwai watakavyosema. Nilitamani Alen alie nipate sababu ya kuinuka, lakini alikuwa anachezea kijiko kwa amani.

Nikasema, "Kazi ni yake, Hezekia. Maji nilichemsha mimi. Wewe hukuwepo. Na aliyemwambia aipitishe kwako ni mimi, kwa sababu nilidhani nakujua."

Hezekia akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijaizoea, "Kwa hiyo umeamua kunisaliti kwa ajili ya mke."

Kati ya yote yaliyosemwa siku hiyo, hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwa kuwa alilitamka kama mtu aliyeonewa kweli.

Loveness alimwambia asipowaandikia wazee kufikia kesho, atawaandikia yeye, na ana kila kitu na tarehe zake. Jumapili, tukiwa tunajiandaa kwenda kanisani, Hezekia alibaki mezani akaandika. Alisema jina la mke wake lilisahaulika kwa bahati mbaya. Loveness alisoma, akasema tuma. Mimi nilipotafsiriwa neno hilo, lilisahaulika, nilijua kwamba hata alipokuwa akirudisha alikuwa bado anachukua. Hezekia aliondoka na gari la mchana, mkate aliouleta haujakatwa.

Jibu lilikuja Jumanne. Mtunzaji mkuu alisikitika. Alisema rekebisho lilishaingia kwenye ghala kuu wiki iliyopita, na kilichoingia humo hakiandikwi upya, kwa kuwa maelfu ya watu duniani wameshachukua nakala, na majina yamefungwa humohumo pamoja na kazi. Hata kama wote wangekubali kwamba si haki, lisingebadilika.

Zilibaki siku kumi maombi yafungwe. Siku mbili za kwanza Loveness hakugusa kompyuta. Nilikuwa nampita, nataka kusema neno, naona kila neno nililo nalo ni lile lililomponza. Siku ya tatu alivuta kigoda. Baadaye alinieleza alichokuwa akiwaza akikamua: yule aliyeandika kazi ya kengele huenda aliinakili mahali pengine, maana watu huwa hawaandiki kitu kirefu mara mbili. Akatafuta. Akalikuta kosa lilelile kwenye kifaa kingine cha ukoo uleule, ambacho hapa Kwai hakipo. Kwa kuwa hakuwa nacho, alitengeneza cha kuigiza ndani ya kompyuta yake, akakipandisha joto la uongo, akamwasha yule mlinzi, na kufuli likajitokeza mara mbili.

Alipomaliza kuandika barua ya kuwapelekea watunzaji, niliuliza kama ameweka salamu. Akasema ameweka, neno moja. Aliituma mwenyewe, moja kwa moja, mbele ya dunia nzima, na hakukuwa na mtu aliyemtangulia.

Yule mzee mwenye mvi aliuliza swali siku ya pili. Loveness alilijibu palepale, na makande yakaungulia jikoni kwa sababu na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake badala ya kuyaangalia. Alhamisi mchana rekebisho likapokelewa. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

Aliniita nisome. Niliinama, nikaenda na kidole mstari kwa mstari. Aliyeandika: Loveness Stephano. Aliyegundua kosa: Loveness Stephano.

Nilisoma tena nikidhani nimeruka neno. Kwenye kitabu cha usharika wetu, siku ya ndoa, mwenyewe alitia sahihi kama Loveness Shekalaghe, na hata kadi ya kliniki ya mtoto inasema hivyo. Hapo jina la Shekalaghe halikuwepo. Aliniona nikitafuta. Nilinyoosha mikono nikampokea Alen, ili mama yake apate nafasi ya kutuma maombi yake.